Sarafu ya Mlangoni kwa Pweza

Viatu vya kwanza nilivyopewa kazini vilikuwa vya ngozi nene, vyenye kamba hadi juu ya kifundo, viatu vya mtu anayekwenda kulinda tembo. Hifadhi ya bahari ilikuwa jambo jipya, na aliyetuagizia vifaa nadhani alisoma neno hifadhi akaishia hapo. Siku hiyo hiyo niliruka navyo kutoka kwenye boti, maji ya magoti pale Utende, na nilipofika nchi kavu kila kiatu kilikuwa kimebeba bahari yake. Nikavianika juani vikakakamaa kama samaki wa ng'onda. Tangu hapo vilizuia mlango wa stoo usipigwe na upepo, na kwa kazi hiyo vilikuwa viatu imara sana.

Nayaandika haya kwa ajili yenu mliobaki kituoni. Mwenyezi Mungu amenistaafisha nikiwa bado na macho na magoti, alhamdulillahi, na asubuhi zangu sasa ni ndefu. Vyeo sitavitaja. Waliovipata wanavijua, na waliovikosa wanavijua zaidi. Nitaandika kuhusu kazi yenyewe, na hasa kuhusu kitu kidogo cha fedha ambacho mpaka leo nikikaa peke yangu nakifikiria.

Kabla ya hifadhi nilikuwa nasomesha watoto chuo cha Kurani, herufi na dua. Ndiyo maana kote mlikonisikia nikiitwa, niliitwa Maalim, hata nilipovaa sare. Nilichukuliwa kwa sababu nilijua kusoma na nilijulikana vijijini. Mkubwa wangu wa kwanza alikuwa Bwana Mwampamba, mtu wa Mbeya, Mkristo wa kwaya, mrefu, mwenye sauti ya besi. Bahari aliiona kwa mara ya kwanza alipopangiwa kuilinda. Safari ya kwanza tuliyokwenda pamoja alitapika mpaka akawa hana kitu cha kutapika, halafu akafuta mdomo, akaniuliza kwa adabu kabisa, "Maalim, yale mawe ya rangi kule chini yanaitwaje?"

Hapo nikajua nitajifunza kwake. Mtu anayetapika na bado anauliza.

Alinifundisha mambo mengi, lakini moja ndilo lililonifaa kuliko yote. Alisema: ukimkuta mtu na jambo, muulize mara moja, kwa maneno machache, kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Wengi wetu tunauliza swali, tunaona kimya kinatuuma, tunaongeza la pili na la tatu, na mwisho mtu anachagua lile jepesi akajibu hilo. Mimi niliyezoea kusomesha, kunyamaza kulinipa taabu. Nilikuwa nasoma dua kimoyomoyo ili mdomo wangu usipate nafasi.

Kazi ya miaka ya mwanzo ilikuwa maboya. Tuliyatia baharini kuonyesha mipaka, hapa pa kuvua, hapa pa kupumzisha samaki. Asubuhi tunakuta kamba imekatwa. Boya ni kitu kizuri, kinaelea, kina rangi, kila nyumba ina kazi nalo. Mara moja tulilikuta boya letu limepasuliwa katikati, kuku wananywea maji. Bwana Mwampamba hakugomba. Alichuchumaa, akawatazama kuku kwa muda, akamwuliza mwenye nyumba, "Wanataga vizuri?" Yule bwana alituletea kamba yetu yote jioni, na mayai.

Zilikuwapo pia kesi ngumu, za baruti na za nyavu za makokoro, na nyingine zilitutoa machozi. Hizo mmezikuta na mnazo bado, wala hamhitaji mimi kuwaeleza harufu ya mwamba uliopigwa baruti. Nakwenda kwenye ile moja.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na mvi, vijiji vya upande wa bahari ya nje vilianza desturi ya kufunga mwamba wa pweza. Wanakijiji wenyewe wanakubaliana kwamba sehemu fulani ya mwamba haitaguswa kwa miezi kadhaa, pweza wakue, halafu siku moja ya bamvua, maji yakitoka mbali na mwamba kubaki wazi, wanafungua na wote wanaingia pamoja. Kijiji ninachokizungumzia sitakitaja, kwa kuwa wenyewe wapo na wanasoma.

Aliyewashawishi wanakijiji wale wafunge alikuwa Bi Rukia, mjane wa makamo, mkulima wa mwani na mvuvi wa pweza tangu usichana wake. Wanawake wenzake walimfanya kiongozi wao. Nilikuwapo kwenye kikao cha kwanza. Mjadala ulikuwa mkali, kwa sababu kwa wengi ule mwamba ndio kitoweo na ndio ada za shule. Bi Zuhura, jirani yake na mpinzani wake wa siku zote, alitaka sheria iwe nyepesi: watu waruhusiwe kupita, ila wasivue. Bi Rukia akakataa katakata.

"Ukipita utatazama," alisema. "Ukitazama utaona shimo. Ukiona shimo mkono utawasha. Hata mguu usitiwe!"

"Rukia, wewe unatufanya sisi paka?"

"Nakufanya Zuhura. Paka nitamwambia mara moja atasikia."

Walicheka, wakapitisha. Adhabu waliyoiweka wenyewe ilikuwa hii: atakayeingia kabla ya siku, hata kwa mguu mtupu, hataingia siku ya kufungua. Atakaa ufukweni na kuwatazama wenzake wakivua.

Sasa naileta sarafu. Siku chache kabla ya kufungua, tulipata habari kwamba kuna mtu ameshikiliwa na polisi Kilindoni kwa mahojiano. Alikuwa Hamisi, shemeji yake Bi Rukia, ndugu wa marehemu mumewe. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni kwenye magofu ya mji wa kale, na alikuwa na kibali cha kazi hiyo. Alionekana Utende akiwaonyesha wageni sarafu ya fedha ya zamani sana na kuwauliza ni ya nani. Mgeni mmoja akaipiga picha, picha ikatembea, na kabla jua halijazunguka ilikwisha kusemwa kwamba Hamisi anachimba magofu na kuuza vitu vya wafu. Alipoulizwa ameitoa wapi alijibu, "Nimepewa." Alipoulizwa na nani, alifunga mdomo. Kama isingejulikana sarafu imetoka wapi, angepelekwa mahakamani, na hata akishinda huko kibali chake kingekwisha. Alikuwa na watoto, na magofu yale ndiyo shamba lake.

Sarafu ililetwa kwetu kituoni kwa siku mbili, kwa sababu kama imetoka baharini ilituhusu. Pamoja nayo akaja mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam, binti mpole aitwaye Anitha, mwenye kioo cha kukuzia kilichofungwa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alitandika leso nyeupe mezani, akaiweka juu yake, akatukaribisha kama anayekaribisha watu kwenye chakula.

Ilikuwa ndogo, kama kifungo cha koti. Ilikuwa nyeusi kwenye mabonde na ya kijivu kwenye vilima, wala haikuwa duara kamili. Ukingo wake ulikuwa kama chapati ya mtu anayejifunza. Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamume anayetazama kulia, pua yenye mfupa, shingo nene, na juu ya nywele amefungwa taji la majani, tepe zake zikining'inia kisogoni. Kumzunguka palikuwa na herufi. Nilishtuka, maana nilitazamia maandishi nisiyoyajua, na kumbe zilikuwa herufi hizi hizi ninazoziandika sasa. Nilizisoma moja moja kama mtoto wa chuoni. Nyingine zilikuwa zimelika.

"Ni fedha ya Warumi," alisema Anitha. "Ina karibu miaka elfu mbili, labda pungufu kidogo. Huyu ni mfalme wao mmoja. Nina jina moyoni, lakini siwezi kuliapia. Herufi za jina ndizo zilizolika."

Bwana Mwampamba, ambaye naye alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, aliinama mpaka pua yake ikakaribia kuigusa. "Ndiyo hii," alisema polepole. "Maalim, ndiyo hii! Bwana Yesu alipotegwa kuhusu kodi, aliomba aonyeshwe fedha, akauliza, hii sura ni ya nani? Nimeihubiriwa tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza ilikuwa na ukubwa gani."

Nami nilikuwa na yangu. Niliwasimulia kisa cha vijana wa pangoni, wale ambao Mwenyezi Mungu aliwalaza miaka kwa mamia kwa sababu walimkimbia mfalme dhalimu na masanamu yake. Walipoamka wakaona njaa, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha waliyokuwa nayo akanunue chakula kizuri. Kisa hicho nimekisoma kila Ijumaa tangu nilipojua kusoma. Wanazuoni wameeleza kwamba mwuza chakula aliitazama ile fedha, akaona sura ya mfalme aliyekwisha kufa zamani, na hapo ndipo siri ya wale vijana ilipojulikana. Nilikuwa nikiwasomesha watoto habari hii, mtoto akaniuliza fedha yenyewe ilikuwaje, nikamwambia, soma mbele. Sasa nimekaa Utende, mbele ya leso nyeupe, naiona fedha ya namna ile.

"Lakini Maalim," aliniuliza Mwampamba, "wewe na masanamu si hampatani? Unaitazama sana hii."

"Naitazama kama alivyoitazama yule mwuza chakula," nilimjibu. "Hata wazee wetu wa mwanzo katika dini walinunua na kuuza kwa fedha za Warumi zenye vichwa, kabla ya kupiga zao. Kuitazama si kuisujudia."

"Basi sogea, umenizibia mwanga."

Anitha akaigeuza. Upande wa pili alisimama mwanamke mwenye nguo ndefu yenye mikunjo. Mkono wake mmoja ulishika kitu kirefu chenye ubapa chini, kimegusa ardhi. Mkono wa pili ulikumbatia kitu kilichopinda, chembamba chini na kipana juu. Anitha alisema yule ndiye waliyemwabudu kama mungu wa bahati. Kile kirefu ni usukani wa chombo, wa namna ya kale unaofanana na kasia kubwa la ubavuni, kwa kuwa waliamini bahati ndiyo inayowaongoza watu. Kile kilichopinda ni pembe iliyojaa matunda, alama ya neema.

Nilisema astaghfirullah kwa ile bahati kupewa usukani, kisha nikamwomba kile kioo nitazame tena ile mikunjo ya nguo. Mtu aliichonga kwa mkono, nikafikiri, kwenye chuma, kinyumenyume, ili ikigongwa itoke sawa. Ule ufundi Mwenyezi Mungu ndiye aliyempa, hata kama hakujua amepewa na nani.

"Magofu yale si ya zamani kiasi hiki," Anitha aliendelea. "Na tazameni hapa." Chini ya shingo ya mfalme palikuwa na kitu cheupe, kama uzi mgumu uliojikunja. Wote tulikijua. Ni nyumba ya mnyoo mdogo wa baharini, kama zile zinazoshika chini ya boti. "Sarafu hii imelala baharini, si ardhini. Hamisi hakuichimba kwenye magofu."

Tulishusha pumzi, lakini mapema mno. Simu ilipopigwa Kilindoni, jibu lilirudi kwamba basi Hamisi anazamia kwenye eneo la hifadhi na kuiba vitu vya chini ya bahari. Kosa lilikuwa limehama kutoka nchi kavu kwenda majini, na kuzidi uzito. Bwana Mwampamba alicheka kwa uchungu. Hamisi tulimjua. Hata kupanda mashua alikuwa akishikwa mkono.

Anitha alituambia pia jambo lililompa wasiwasi yeye. Sarafu isiyojulikana ilikookotwa ni bubu. Huenda mgeni aliinunua Ulaya akaidondosha hapa mwaka juzi. Lakini pakijulikana mahali, hata pakiwa kipande cha mwamba, basi itakuwa na neno la kusema juu ya nani alifika pwani hii na lini. "Siombi mtu afungwe," alisema. "Naomba mahali tu."

Mimi ndiye niliyetumwa kijijini.

Nilimkuta Bi Rukia nyuma ya nyumba, akianika mwani kwenye chanja. Tulisalimiana kirefu kama ilivyo ada, hali, watoto, mwani, mvua. Akanipa kigoda. Nikamwuliza mara moja: "Bi Rukia, ile sarafu ya Hamisi unaijua?"

Nikanyamaza.

Aligeuza mwani chanja nzima. Akarudi mwanzo, akaugeuza tena, ingawa ulikuwa umekwisha kugeuzwa. Mimi nilikuwa nimefika mbali katika dua zangu.

"Maalim, wewe ukinyamaza unatisha kuliko ukisema," alisema hatimaye. "Ni yangu. Nilimpa mimi, nikamwambia usinitaje. Naye kichwa chake kama jiwe la kusugulia miguu, hanitaji mpaka afungwe."

Akanieleza. Mwamba ulipofungwa, watu walianza kumwuliza kama pweza wanakua kweli au wanadanganywa. Zuhura alikuwa akisema kisimani kwamba pweza wamehama wote na siku ya kufungua watavua mawe. Bi Rukia hakulala vizuri. Ikiwa mwamba utakuwa mtupu, hakuna atakayekubali kufunga tena. Basi asubuhi moja maji yalipotoka alikwenda peke yake, bila mkuki, bila kikapu, kutazama mashimo tu.

Kwa wale kati yenu mliotoka bara: pweza hukaa shimoni na kula ndani kama bwana mkubwa, halafu hutupa maganda ya kaa na kombe mlangoni. Mvuvi hamtafuti pweza, hutafuta zile takataka. Maganda mapya, yuko nyumbani. Maganda yenye ukungu, amehama. Na pweza anapenda kujikusanyia vijiwe na vitu vingine vya kuzibia mlango. Bi Rukia alifika kwenye shimo moja, akaona maganda mapya, na katikati yake kitu cha duara kisichokuwa ganda.

"Nikainama," alisema. "Nilijua nimekosa tangu nyayo za kwanza, lakini wakati ule nilisahau hata bahari iko wapi. Nikakisugua kwa kidole. Kikatoka kichwa cha mtu! Mwenyewe pweza akanyoosha mkono mmoja, akanigusa kidole, kama ananiuliza unakwenda wapi na changu. Nikamwambia nisamehe, nataka kujua tu."

"Kujua nini?"

"Ni nani huyu! Wewe ungeokota kichwa cha mtu usitake kujua ni nani? Na huko nyuma yuko mwanamke. Kashika mwiko mkono huu, na huku kakumbatia siwa ya kupuliza harusini. Nikasema huyu ama anapika kwenye harusi ama ndiye bibi harusi kakosa mpishi. Hamisi anakutana na wageni kutoka dunia nzima, nikampa akaniulizie. Na sasa kafungiwa kwa ajili ya udadisi wangu."

Nilimweleza alichosema Anitha, usukani na pembe ya neema. Alisikiliza huku mikono imesimama juu ya mwani. "Usukani," alisema. "Mwanamke? Na walikuwa wanamwacha aongoze?" Nilipomwambia ule umri wa sarafu, aliketi chini kabisa, kwenye mchanga.

Nilimwambia na jambo la pili, kwamba mimi sitamsemea. Siri yake ilikuwa amana, ingawa Hamisi alikuwa kule. Njia ilikuwa yake kuichagua. Akinyamaza, shemeji yake ataumia. Akisema, yeye aliyewazuia wenzake hata kutia mguu ndiye atakayekuwa wa kwanza kutia, na Zuhura atapata alilokuwa analitafuta.

"Mimi kuchekwa nitachekwa," alisema. "Nimezaa, nimefiwa, nimechekwa, nipo. Naogopa mwamba, Maalim. Wakisema kiongozi aliingia, nani atajizuia mwaka kesho?"

Aliniagiza nimwombe mwenyekiti wa kijiji aitishe kikao.

Kikao kilikuwa baada ya sala ya alasiri, nje ya ofisi ya kijiji. Bwana Mwampamba na Anitha walikuja. Bi Rukia alisimama na kusema yote kwa maneno machache. Aliposema "niliingia", sauti zikalipuka kama njiwa wakirushiwa jiwe.

Bi Zuhura alikuwa amekwisha kusimama. "Kiongozi, nisaidie kukumbuka. Si wewe uliyesema hata mguu?"

"Ni mimi."

"Mimi nikasema mguu si mkuki, ukanifanya paka mbele ya watu!"

"Nilikufanya."

"Basi leo paka nani?"

Watu walicheka, na Bi Rukia akawasubiri wamalize. "Leo paka mimi. Nilisema ukitazama mkono utawasha, na mkono wangu uliwasha. Sikuchukua pweza, lakini sikutoka mikono mitupu. Hamisi hajui kuogelea, hata bafuni anaita Mungu. Mwandikieni kwamba mimi ndiye niliyempa, mumrudishe kwa watoto wake."

Hilo halikuwa na ubishi. Mwenyekiti wa kijiji akasema barua itakwenda kesho na yeye mwenyewe ataipeleka. Anitha, kwa sauti ya chini, akamwuliza Bi Rukia kama angeweza kumwonyesha lile shimo.

"Baada ya kufungua," alisema. "Sasa hivi mwamba umefungwa."

Kisha Anitha akawauliza wanawake wote swali: pweza anaweza kubeba kitu kutoka umbali gani? Pakazuka ubishi mzuri kuliko ule wa kwanza. Mmoja akasema hatua chache tu, mwingine akasema yeye amekuta mlangoni kwa pweza kijiko cha hoteli. Bi Zuhura akasema pweza haendi sokoni, anaokota jirani. Anitha alisikiliza kwa furaha kubwa. Mwisho alisema sarafu moja haithibitishi chombo kilichozama. Huenda ilivaliwa shingoni na mwanamke wa karne nyingine, uzi ukakatika. Huenda ilifika kwa mkono wa kumi. Bado alitaka kuutazama mwamba ule vizuri, polepole, kwa miaka.

Ndipo lilipokuja jambo ambalo sikulitazamia. Bi Zuhura alisimama tena, na safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Mimi nasema Rukia asamehewe. Kaingia bila mkuki, kakubali mwenyewe, kamtoa ndugu yake kifungoni. Siku ya kufungua aingie na sisi. Tena bila yeye hatungefunga."

Watu wakaitikia, ndiyo, asamehewe. Hata mimi nilitikisa kichwa kukubali. Aliyekataa alikuwa Bi Rukia.

"Mkinisamehe mimi, mwaka kesho mtamsamehe nani? Zuhura, wewe utaingia kutazama. Halima ataingia kumtazama Zuhura. Nimekwambieni nilikuwa naogopea nini. Nitakaa ufukweni kama tulivyoandikiana."

"Kichwa kigumu huyu, kama shemeji yake," alisema Bi Zuhura, lakini alikaa.

Hamisi alirudi siku ya pili yake, na kibali chake mfukoni. Sarafu ilikwenda Dar es Salaam kuhifadhiwa, maana vitu vya aina hiyo ni vya taifa zima. Kabla ya kuondoka, Anitha aliipeleka kijijini na ile leso, ikapita mkono kwa mkono. Kila mwanamke alitoa maelezo yake. Wengi walibaki na mwiko na siwa, na Anitha alicheka mpaka akafuta machozi, akasema atawapelekea wenzake maoni hayo kama yalivyo.

Siku ya kufungua maji yalitoka mbali sana. Mwamba ulikuwa umelala wazi, unang'aa, na watu wamejipanga ufukweni na mikuki yao, kama watoto wanaosubiri zawadi za Idi. Mwenyekiti akasoma dua, tukaitikia amina, Bwana Mwampamba akaitikia ya kwake, na watu wakaingia.

Bi Rukia alikuwa ameketi mchangani, amejifunika kanga mbili. Sheria ilisema atakaa na kutazama, lakini yeye aliupa mwamba mgongo, akatazama minazi. Nilikaa si mbali naye. Mara tukaanza kusikia vigelegele. Cha kwanza, cha pili, halafu vikachanganyikana, pweza wakubwa wakiinuliwa juu wakijizungusha mikononi mwa watu. Aliuma ncha ya kanga. Hakugeuka.

"Wapo?" aliniuliza.

"Wapo, Bi Rukia. Wakubwa."

"Alhamdulillahi," alisema.

Kutoka mwambani Bi Zuhura akapaza sauti, mkuki begani, maji kifundoni. "Rukia! We Rukia! Lile shimo la sarafu liko upande gani? Niambie nimpelekee salamu!"

Bi Rukia alijibu bila kugeuka, kwa sauti iliyofika mpaka mwisho wa mwamba.

"Nikikuonyesha, nimevua!"